Ndugu zangu wanataka Baba atolewe jicho bila kuambiwa

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mtoto wa tatu kati ya watano, na ninaishi na kufanya kazi Dodoma mjini. Baba yetu ana miaka 67, yuko kijijini wilayani Chamwino, na amelima zabibu tangu nikiwa mdogo. Mwaka jana, alipokuwa akipogoa, kipande cha waya wa kushikilia mizabibu kilifyatuka kikamchoma jicho la kulia. Alikwenda zahanati akapewa matone, na kwa kuwa maumivu yalipungua aliendelea na kazi zake. Sisi wa mjini tulipopata habari, kioo cha jicho kilikuwa kimeshafanya kidonda na kuwa cheupe. Alilazwa, akatibiwa, kidonda kikafunga, lakini jicho lile halikuona tena.

Tangu wakati huo hana raha. Jicho ni jekundu siku zote, linatiririka machozi, na usiku maumivu humpanda hadi kichwani. Daktari bingwa wa macho aliyempima alituambia kwamba jicho hilo halitambui hata mwanga wa tochi, kwamba presha yake ya ndani iko juu sana, na kwamba njia ya uhakika ya kumwondolea maumivu ni kulitoa, kisha baadaye awekewe jicho la bandia. Alisema pia kwamba mara chache jicho lililojeruhiwa huweza kulidhuru lile lililo zima. Baba aliposikia habari ya kutolewa jicho alisimama, akavaa kofia yake, akaniambia, "Mama, twende nyumbani."

Baadaye alinieleza sababu zake. Kijijini kwetu kuna mzee aliyetolewa jicho kwa ajili ya saratani, akabaki na shimo analolifunika kwa kitambaa, na watoto humkimbia. Zaidi ya hapo, bibi yetu aliyemzaa Baba alipofuka kwa ugonjwa wa vikope. Alifanyiwa upasuaji wa kope, nafuu ikawa ya muda, kope zikarudi kuota kwa ndani, na Baba ndiye aliyekuwa akimwongoza kwa fimbo mpaka alipofariki. Aliniambia hivi: "Nilizaliwa na macho mawili, nitazikwa na mawili, hata kama moja limekufa."

Kaka yetu mkubwa yuko Dar es Salaam na ndiye atakayebeba gharama. Yeye na dada yetu wamekubaliana kwamba Baba aambiwe anakwenda kusafishwa jicho na kushushwa presha, basi. Akizinduka, jambo limekwisha, atanuna kwa muda, halafu atashukuru akiona analala usingizi. Kaka anasema tukichelewa jicho la pili litakufa, na lawama itakuwa yangu.

Lawama inakuwa yangu kwa sababu mimi ndiye ninayempeleka kliniki. Jicho la kushoto nalo limeanza kuwa na mtoto wa jicho, hawezi kusoma maandishi madogo, na kila karatasi ya hospitali hunipa nimsomee. Kaka anataka fomu ya ridhaa niisome "kwa namna itakayomtuliza" kisha Baba atie sahihi. Mama akinipigia simu usiku nasikia Baba akiugulia pembeni, na saa hiyo natamani kukubali. Kukipambazuka, nakumbuka kwamba ananipa karatasi zile kwa sababu ananiamini. Je, jicho hilo ni lazima litoke? Na kumdanganya mzazi kwa faida yake mwenyewe ni kosa?

Mtoto wa tatu, Dodoma

MAJIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa mzigo huu, ambao naona umekuangukia wewe kwa sababu tu wewe ndiye uliye karibu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Ndani yake kuna maswali mawili yaliyofungwa pamoja, na nadhani ndugu zako wameyafunga ili wayamalize kwa mpigo mmoja. La kwanza ni la tiba: jicho lisiloona na linalouma litunzwe vipi? La pili ni la mamlaka: nani atasema ndiyo? Ninaomba tuyafungue, tulitazame kila moja peke yake.

Kabla ya yote nianze na Baba, kwa kuwa katika barua yako, bila wewe kukusudia, anaonekana kama mzee mwenye hofu ambaye wanaojua zaidi wanatafuta namna ya kumzunguka. Mimi sioni hivyo. Baba ametoa sababu mbili na zote ni za kweli. Vikope ni uambukizo wa bakteria unaojirudia tangu utotoni, huacha makovu na kukunja ukope wa juu kwa ndani, hadi nywele zake zisugue kioo cha jicho na kukitia ukungu. Maeneo yenu ya Chamwino na majirani zenu wa Kongwa yaliteseka sana na ugonjwa huo, kiasi kwamba tangu miaka ya 1980 watafiti wa macho wamefanya kazi Kongwa kwa muda mrefu kuuelewa. Upasuaji wa kope huugeuza ukope uelekee nje na huokoa macho mengi, lakini kurudi kwa kope baada ya upasuaji ni jambo ambalo madaktari wenyewe wanalijua na kulisema wazi. Kwa hiyo Baba anaposita mbele ya kisu, hasemi upuuzi, anasema alichokiona kwa mama yake.

Sababu ya pili ndiyo inayonipa matumaini, kwa kuwa nadhani picha aliyonayo si ya upasuaji alioshauriwa. Yule mzee wa kijijini alikuwa na saratani. Saratani ikishaenea kuzunguka jicho, daktari hulazimika kuondoa jicho pamoja na nyama zote za tundu lake, na mara nyingi kope pia, ndiyo maana panabaki shimo. Kwa jicho lililokufa kutokana na jeraha, kuna njia nyingine mbili, na zote mbili huziacha kope mahali pake.

Katika njia ya kwanza, daktari huondoa jicho zima, lakini misuli inayolizungusha huachwa ndani ya tundu. Katika njia ya pili, huondoa kioo cha mbele na vilivyomo ndani ya jicho, akaacha lile ganda jeupe la nje likiwa bado limeshikwa na misuli yake. Katika njia zote mbili, kwa kawaida huwekwa mpira mdogo wa plastiki maalumu kujaza nafasi, ngozi laini ya ndani hushonwa juu yake, na chini ya kope huwekwa kikombe chembamba cha plastiki kinachohifadhi umbo wakati mshono unapona. Baada ya wiki sita hadi nane hivi, uvimbe ukiisha, mgonjwa hupimwa jicho la bandia. Hilo si gololi, kama watu wengi wanavyodhani, bali ni ganda jembamba lililochorwa mboni na weupe wa jicho, linalokaa mbele ya ule mpira na kuzunguka kiasi mgonjwa anapotazama huku na huku. Haliwezi kuona, na hilo aambiwe bila kuzunguka, lakini mtu anayekutana naye barabarani huenda asitambue.

Unaona, basi, kwamba maneno yake "nitazikwa na mawili" huenda yakakutana na jambo ambalo hakuna aliyemwambia. Katika ile njia ya pili, ganda la jicho lake na misuli yake hubaki mwilini. Kwa baadhi ya wazee, tofauti hiyo ina uzito mkubwa, na kwa wengine haina. Sisemi daktari atakubali njia hiyo. Akiona dalili yoyote ya uvimbe wa saratani ndani ya jicho ambalo yeye hawezi kulichungulia kwa sababu ya ukungu wa kioo, atataka kulitoa lote, na ndiyo maana ni vizuri jicho lipimwe kwanza kwa altrasaundi. Lakini swali hili Baba ana haki ya kuliuliza. Na kinachoondolewa kinakwenda wapi, maabara au kwingine, na kama familia inaweza kukabidhiwa ikizike, ni jambo la kuulizwa mapema na si siku ya upasuaji.

Sasa, je, ni lazima? Kwa maelezo uliyonipa, daktari alisema ni njia ya uhakika ya kuondoa maumivu. Hakusema ni njia pekee, na tofauti hiyo ni kubwa. Jicho lisiloona lenye presha na maumivu huweza kupewa matone ya kulegeza misuli ya ndani, ya kupunguza uvimbe na ya kushusha presha, na wapo wagonjwa wanaokaa nayo kwa miaka. Ipo pia sindano ya spiriti nyuma ya jicho, inayozimisha mishipa ya fahamu, ambayo huweza kutuliza maumivu kwa miezi kadhaa au zaidi, ingawa yenyewe huuma kwa muda, husababisha uvimbe na haimfai kila mgonjwa. Na kuna macho ambayo polepole husinyaa na kuacha kuuma yenyewe, ila hakuna awezaye kukuahidi kwamba la Baba litafanya hivyo, wala lini. Usiku ambao yeye anaugulia na mama yako anakesha una gharama yake, na mtu anayekuambia "subirini tu" ni lazima aihesabu.

Upasuaji nao una upande wake mwingine. Ganzi huenda ikawa ya sindano pamoja na dawa ya kumtuliza, au nusu kaputi, na kwa umri wake watataka kujua shinikizo la damu na sukari vikoje. Baada yake huweza kutokea kuvuja damu, maambukizi, au ule mpira kuchomoza nje baada ya muda, jambo ambalo humrudisha mtu chumba cha upasuaji. Ukope wa juu huweza kubonyea. Jicho la bandia lina matunzo yake: kuoshwa, kung'arishwa na fundi wake mara kwa mara, na kubadilishwa baada ya miaka. Ulizeni mapema linapatikana wapi, Dodoma au kwa rufaa Dar es Salaam au Moshi, na kama bima yenu inaligharimia, kwa kuwa nimeona familia zinazolipa upasuaji kisha zikakwama kwenye jicho lenyewe, na mzee akabaki na miwani myeusi.

Nije kwenye tishio la kaka, kwamba jicho la kushoto litakufa na lawama itakuwa yako. Daktari alisema "mara chache", na kaka ameyaruka maneno hayo mawili. Ni kweli kwamba baada ya jicho kuchomwa na kutobolewa, kinga ya mwili huweza kuligeukia jicho la pili lililo zima na kulivimbisha. Ni hali ya nadra. Mara nyingi hujitokeza ndani ya mwaka wa kwanza, ingawa huweza kuchelewa sana, na kulitoa jicho lililoumia kwa nia ya kuizuia kulipendekezwa hasa ndani ya majuma mawili ya jeraha, muda ambao kwenu umekwisha kupita. Kwa hiyo muulize daktari kama waya ule ulitoboa jicho hadi ndani au uliishia juu ya kioo, na yeye sasa anaipa hatari hiyo uzito gani. Wakati wowote jicho la kushoto likiwa jekundu, likichukia mwanga au likianza kuona ukungu wa ghafla, apelekwe siku hiyohiyo, kwa kuwa hali hiyo ina dawa na kuwahi ndiko kunakosaidia. Jicho la kulia nalo likitoa usaha, kope zikavimba, au akapata homa, msingoje tarehe ya kliniki.

Kuna jambo umelitaja kwa kupita, nami sikuweza kulipita. Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho. Mwanangu, hilo ndilo jicho ambalo Baba anaishi nalo. Nyote, kuanzia kaka hadi wewe, mmekuwa mkilizungumzia lile lililokufa, na sijaona mahali barua yako inaposema kwamba hili limepimwa linaona kiasi gani. Upasuaji wa mtoto wa jicho hurudisha uoni kwa wengi, lakini kwa mtu mwenye jicho moja tu hupimwa kwa uangalifu zaidi, maana pakiharibika hakuna la akiba, na madaktari hawapendi kulifungua jicho zima wakati la jirani lina maambukizi. Pengine mazungumzo na Baba yaanzie hapa. Mtu aliyemwongoza mama yake kwa fimbo kwa miaka yote ile, anachokiogopa zaidi pengine si tundu tupu bali kuongozwa. Kama ndivyo, basi lengo mnalo moja, yeye na ninyi, na hilo litabadilisha namna ya kuongea. Hata kabla ya lolote, mpatieni miwani imara isiyovunjika ya kuvaa shambani, akapogoe nayo.

Sasa fomu. Umeniuliza kama kumdanganya mzazi kwa faida yake ni kosa, na nitakuambia ninavyoona mimi, uamuzi ukiwa wako. Baba ana akili timamu. Ridhaa ni yake, si ya mwenye kulipa wala ya mwenye kumsomea. Na mpango wa kaka una ufa ambao yeye mwenyewe huenda haujui. Tangu mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lina orodha ya usalama wa upasuaji inayotumika katika nchi nyingi, ambayo humtaka mgonjwa mwenyewe, kabla ya kupewa ganzi, athibitishe jina lake, upasuaji anaofanyiwa na upande unaofanyiwa. Muuguzi akimuuliza, "Mzee, leo tunakufanyia nini?" naye akajibu, "Mnanisafisha jicho," timu makini itasimama hapohapo. Fikiria Baba akiujua ukweli akiwa amelala kitandani na mavazi ya hospitali, na wewe uko nje ya mlango.

Tuseme wasimuulize, na mambo yakaenda kama kaka alivyopanga. Maumivu huenda yakaisha, na huo ni wema halisi, sitaudharau. Lakini matunzo yote niliyoyaeleza, kile kikombe cha plastiki, kuosha, kurudi kupimwa jicho la bandia, yanahitaji mtu anayekubali. Anayeona ameibiwa huweza kukataa yote, akabaki na lile hasa alilolihofia. Na siku utakapomwambia, "Baba, sasa tutibu jicho la kushoto," atakupa karatasi umsomee?

Ukweli nao una hatari yake, na sitakuficha: ukimweleza yote haya huenda bado akakataa, na utaendelea kusikia akiugulia. Hilo utalibeba, na kaka atakukumbusha. Ila kukataa kwa mtu aliyeelezwa hakufungi mlango. Mzee anayesema hapana leo, akipewa matone yanayosaidia nusu, huweza baada ya miezi michache kusema mwenyewe kwamba amechoka.

Kama utachagua njia hiyo, usiende kijijini na ujumbe wa "daktari amesema". Nenda siku ambayo si ya kliniki, kaa na Baba na Mama pamoja, kwa kuwa maoni ya Mama sijayaona kokote katika barua yako na yeye ndiye anayekesha naye. Muulize Baba maumivu yanamzuia nini, na anamwogopea nani. Msimulie tofauti kati ya upasuaji wa yule mzee wa saratani na huu alioshauriwa. Mwombe daktari, mtakaporudi, amweleze Baba mwenyewe akiwa amemtazama yeye, si wewe, na kama hospitali inamfahamu mgonjwa aliyewekewa jicho la bandia na aliye radhi kuonana naye, mazungumzo ya wanaume wawili huenda yakafanya kazi ambayo watoto watano hawawezi. Kama Baba ana mchungaji au shehe anayemheshimu, lile la kuzikwa na mwili kamili alijadili naye huyo.

Kwa kaka, ningekushauri usimpigie ili kumshinda. Yuko mbali, anatuma pesa, na kila akipiga simu anasikia maumivu asiyoweza kuyagusa, na nadhani uongo huu umezaliwa humo. Mwambie kwamba hukatai upasuaji na hukatai mchango wake, unachokataa ni kuisoma fomu tofauti na ilivyoandikwa. Halafu mwombe achukue likizo aje yeye mwenyewe siku ya kliniki ijayo, akae kwenye kiti cha pembeni na kumsikia daktari na Baba wakizungumza. Na kama fedha alizotenga zitahitajika kwanza kwa altrasaundi, kwa matone mapya na kwa kulipima jicho la kushoto, mjulisheni mapema ili asidhani mmezitumia kwa jambo jingine.